Msimbo Huria Una Wenyewe

Kuna kauli inayosikika katika madarasa ya kompyuta, katika vikao vya kampuni changa, na hata katika ofisi zinazonunua mifumo kwa fedha za umma: msimbo ukishawekwa wazi, habari ya umiliki imekwisha. Uchukue, ubadilishe mistari miwili mitatu, ufute majina yaliyo juu ya faili, ubandike leseni unayoitaka, kazi isonge. Anayeuliza habari za leseni huonekana mtu wa makaratasi, asiyejua programu zinavyotengenezwa.

Kauli hiyo ina watetezi wenye akili, na hoja zao zinastahili kusikilizwa kabla ya kujibiwa. Kwanza wanasema kwamba mwandishi aliyetoa kazi yake kwa leseni ya MIT au BSD amekubali mwenyewe itumike ndani ya bidhaa ya siri, iuzwe, naye asilipwe hata senti moja. Mtu aliyeruhusu makubwa hayo atalalamikaje kwa dogo la kubadilishiwa leseni? Pili, wanasema miradi ya programu huria ni jamii moja yenye lengo moja, kwa hiyo msimbo kuhama kutoka mradi huu kwenda ule hakumdhuru yeyote. Tatu, wanatukumbusha kwamba makampuni makubwa yanabadili leseni za programu zao mara kwa mara, na dunia haijasimama.

Hoja zote tatu zimejengwa juu ya kosa moja. Zinachukua ruhusa ya kutumia msimbo na kuigeuza kuwa mamlaka ya kuandika upya masharti yake. Ruhusa hiyo unayo wewe, mimi na kila mtu. Mamlaka hayo anayo mwenye hakimiliki peke yake, na anayechanganya viwili hivyo anawadhuru waandishi wa programu wadogo kuliko anavyoyadhuru makampuni.

Tuanze na sheria, maana kosa linaanzia hapo. Msimbo ni maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaziweka katika kundi la kazi za fasihi. Katika nchi zote mbili ulinzi unadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo msimbo ulioandikwa Berlin unalindwa Mwanza, na ulioandikwa Mwanza unalindwa Berlin. Mwandishi hahitaji kuomba ulinzi huo. Unaanza pale anapoandika.

Maana yake ni kwamba, pasipo leseni, hakuna anayeruhusiwa kunakili faili la mwenzake hata kama linaonekana na dunia nzima. Leseni huria ndiyo inayofungua mlango, na inaufungua kwa masharti. Zile zenye masharti mepesi kabisa, kama MIT, BSD na ISC, zinadai jambo moja kubwa: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki. GPL inadai zaidi: ukigawa programu iliyojengwa juu ya msimbo huo, nawe utoe msimbo wako kwa masharti yaleyale. Katika hali zote mbili, anayefuta leseni ya mwandishi anafuta ruhusa yake mwenyewe. Anabaki na msimbo wa mtu mwingine mkononi bila hati yoyote ya kumwezesha kuwa nao.

Watu wa pwani wasingepaswa kuona ugumu hapa, kwa sababu tumeishi na wakfu kwa karne nyingi. Kisima kikishawekwa wakfu, kila mpita njia anateka maji bila kulipa. Lakini hakuna anayesema kisima hicho hakina mwenyewe. Kina masharti ya aliyekiweka, na mutawali anayekisimamia anafungwa na masharti hayo sawasawa na mtekaji. Kuteka maji, hata kwa miaka mingi, hakumpi mtu haki ya kuiandika upya hati ya wakfu.

Zamani mtu aliweza kusema kwamba masharti haya ni maombi tu ya heshima, kwamba hakuna hakimu atakayeyashughulikia kwa kuwa mwandishi hakudai fedha. Jibu lilitoka Marekani katika kesi ambayo chanzo chake ni treni za kuchezea. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley, aliongoza mradi wa JMRI, programu ya kuendeshea reli ndogo za mezani, iliyotolewa kwa Leseni ya Artistic. Kampuni moja iliyouza programu za aina hiyohiyo ilichukua mafaili ya mradi ikayaingiza katika bidhaa yake bila majina ya waandishi, bila tangazo la hakimiliki, na bila kueleza kilichobadilishwa. Mahakama ya chini iliona kwamba hilo, likiwa kosa, ni la mkataba tu. Agosti 2008 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Shirikisho ikasema vingine: masharti ya leseni ni mipaka ya ruhusa yenyewe, na anayetoka nje ya mipaka hiyo amevunja hakimiliki. Mahakama ikaongeza kwamba anayetoa kazi yake bila kudai fedha bado anapata faida za kiuchumi zinazostahili kulindwa. Mwaka 2010 pande hizo zilipatana, na mdaiwa akakubali kulipa dola 100,000.

Sasa turudi kwenye hoja ya kwanza, ile ya kwamba aliyeruhusu makubwa hawezi kulalamikia dogo. Hoja hiyo ilitolewa kwa nguvu zote mwaka 2007, katika ugomvi unaofaa kufundishwa katika kila chuo cha kompyuta.

Mradi wa OpenBSD ulikuwa na draiva ya kadi za mtandao zisizotumia waya za kampuni ya Atheros. Mwandishi wake mkuu, Reyk Floeter, alikuwa amechambua kadi hizo bila msaada wa mtengenezaji, kisha akatoa kazi yake kwa leseni ya ISC, ambayo ni fupi na nyepesi. Watu wa Linux waliihitaji draiva hiyo. Agosti 2007 likapendekezwa kwao badiliko la msimbo ambalo, katika baadhi ya mafaili, liliondoa maneno ya leseni ya mwandishi na kuweka ya GPL mahali pake. Baadhi ya mafaili katika kazi hiyo yalikuwa na leseni mbili, na mchukuaji alikuwa na haki ya kuchagua mojawapo. Mengine yalikuwa ya ISC peke yake, na hayo hayakuwa na uchaguzi wowote.

Theo de Raadt, kiongozi wa OpenBSD, alikuja juu. Alijibiwa kwa hoja tunayoijadili: nyinyi mnaruhusu makampuni yafungie msimbo wenu ndani ya bidhaa za siri, leo mnawazuia wenzenu wa programu huria? Jibu hilo linavutia masikioni, lakini halijibu lolote. Kampuni inayoweka msimbo wa BSD ndani ya bidhaa yake inatakiwa kulibakiza tangazo la mwandishi. Haijapewa haki ya kusema msimbo huo sasa uko chini ya masharti mengine. Uhuru wa kuuza kitu ulichojengea bidhaa yako, na haki ya kufuta jina la aliyekijenga, havijawahi kuwa kitu kimoja.

Wanaopenda upande mmoja wa ugomvi huo husahau kilichotokea miezi michache kabla yake. Aprili 2007 mambo yalikuwa kinyume: watu wa Linux ndio waliolalamika, kwamba msimbo wao wa GPL wa kadi za Broadcom ulikuwa umeingia katika draiva iliyokuwa ikiandikwa ndani ya OpenBSD bila ruhusa. De Raadt alikasirishwa na jinsi lalamiko lilivyotolewa hadharani, na hasira hiyo inaeleweka, lakini draiva yenyewe iliondolewa. Kwa hiyo katika mwaka mmoja kambi mbili zilikuwa mlalamikaji na mlalamikiwa kwa zamu, na kila moja ilijua vizuri uzito wa leseni pale msimbo uliochukuliwa ulipokuwa wake.

Septemba ya mwaka huohuo, kituo cha kisheria kilichoongozwa na Eben Moglen, Software Freedom Law Center, kilitoa mwongozo wa jinsi ya kutunza mafaili yenye leseni nyepesi ndani ya mradi wa GPL. Kiini chake ni rahisi. Acha tangazo la asili lilivyo. Ukiongeza kazi yako yenye uzito wa kuwa na hakimiliki, kazi hiyo yako unaweza kuiweka chini ya GPL, na useme wazi kwamba ni yako. Mkusanyiko mzima utagawiwa kwa masharti ya GPL, lakini mistari ya mwandishi wa kwanza itabaki chini ya leseni yake, na mtu yeyote anaweza kwenda kwenye chanzo akaichukua kwa masharti hayo. Draiva ile, kwa jina la ath5k, iliingia Linux mwaka 2008, na jina la Floeter pamoja na maneno ya leseni yake vimo katika mafaili yake.

Hoja ya pili, ya kwamba sisi sote ni jamii moja, ndiyo yenye madhara zaidi kwa sababu imevaa nguo za undugu. Msimbo hausafiri pande zote kwa usawa. Ule wa leseni nyepesi unaweza kuingia katika mradi wa GPL. Maboresho yakishaandikwa chini ya GPL, hayawezi kurudi yalikotoka. Anayebadilisha leseni ya mwenzake anachukua kazi, kisha anaifunga njia ambayo kazi hiyo ingerudia ikiwa bora zaidi. Sheria inamruhusu kuweka GPL katika maboresho yake mwenyewe. Lakini asituambie kwamba hakuna aliyepungukiwa.

Mfano mzuri wa njia ya upande mmoja tunao katika programu ambayo Kiswahili kina historia nayo. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi za OpenOffice. Programu hiyo ilikuwa chini ya LGPL, ndugu ya GPL yenye masharti mepesi zaidi, na Sun, kampuni iliyoimiliki, iliwataka wachangiaji wa msimbo waipe haki katika hakimiliki zao. Wengi hawakuona ubaya wake. Oracle iliponunua Sun mwaka 2010, haki hizo zilihama pamoja na samani. Wachangiaji wengi walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Juni 2011 Oracle ikaupeleka msimbo wa OpenOffice katika taasisi ya Apache, na kwa kuwa mamlaka ya hakimiliki yalikuwa mikononi mwake, leseni ikabadilika kuwa ya Apache bila kumtafuta kila mchangiaji. Tangu hapo LibreOffice inaweza kuchota kutoka OpenOffice ya Apache, na OpenOffice haiwezi kuchota kutoka LibreOffice. Miradi miwili yenye asili moja, kazi ileile, watumiaji walewale, na leseni pekee ndiyo iliyoamua msimbo utiririke upande gani. Sioni vipi mtu atayaangalia hayo kisha aite leseni karatasi.

Hadithi hiyo inatuleta kwenye hoja ya tatu, ya makampuni yanayobadili leseni kila uchao. Ni kweli yanabadili. MongoDB ilibadili mwaka 2018, Elastic mwaka 2021, HashiCorp mwaka 2023, Redis mwaka 2024. Lakini tazama yalivyofanya. MongoDB, Elastic na HashiCorp yalikuwa yamewasainisha wachangiaji makubaliano ya kuyapa haki pana juu ya michango yao. Redis ilitegemea wepesi wa leseni ya BSD: iliweka masharti mapya juu ya matoleo mapya, bila kuwa na uwezo wa kuyafuta masharti ya michango ya zamani. Hakuna kati yao iliyookota msimbo wa mradi wa watu wengine na kuupa leseni nyingine kwa sababu tu ulikuwa unaonekana.

Na si kweli kwamba dunia haikusimama. Matoleo yaliyokwisha kutolewa kwa leseni huria hayakuweza kurudishwa nyuma, na watu waliyachukua wakaendelea nayo. Kutoka Elasticsearch ikazaliwa OpenSearch. Kutoka Terraform ya HashiCorp ikazaliwa OpenTofu. Kutoka Redis ikazaliwa Valkey. Mwaka 2024 Elastic iliirudisha leseni huria kama mojawapo ya chaguo zake, na Redis ikafuata mwaka 2025. Makampuni yenye mawakili wa kutosha na haki mkononi yalilipa gharama kubwa kwa kubadili leseni ya kazi yao wenyewe. Msanidi asiye na haki yoyote katika msimbo wa mwenzake anajifunza nini hapo kinachomruhusu kufanya vivyo hivyo kwa dakika mbili?

Njia halali ya kubadili leseni ipo, na ugumu wake ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba msimbo huria una wenyewe. Linus Torvalds aliihamisha Linux kwenda GPL mwaka 1992 kwa urahisi, kwa sababu msimbo ulikuwa bado karibu wote wake. Leo hakimiliki ya Linux imetawanyika kwa maelfu ya watu na makampuni, na mtu yeyote atakayetaka kuitoa katika GPL toleo la 2 atalazimika kuwatafuta wote. Watu wa VLC, ile programu ya kuchezea video inayopatikana katika kompyuta nyingi za mitaani kwetu, walitaka kuhamisha sehemu zake kutoka GPL kwenda LGPL. Jean-Baptiste Kempf, aliyeongoza kazi hiyo, alilazimika kuwatafuta wachangiaji zaidi ya 200 kwa ajili ya moduli peke yake, wengi wakiwa wameuacha mradi zamani. Kazi ilikamilika mwaka 2012, na moduli zisizopata ridhaa zilibaki katika GPL.

Mwaka huohuo OpenStreetMap ilibadili leseni ya ramani yake. Ile ilikuwa data, lakini kanuni ni moja. Wachangiaji waliulizwa mmoja mmoja. Waliokataa na wasiojibu, michango yao ilifutwa kwenye ramani kabla ya leseni mpya kuanza kutumika Septemba 2012. Barabara zilizokwisha kuchorwa zilifutwa ili heshima ya mchoraji ibaki. Wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam waliochora mitaa ya mafuriko kupitia Ramani Huria tangu 2015 walichangia katika ramani ambayo umiliki wake ulikuwa umesafishwa kwa gharama hiyo.

Nasikia jibu la mwisho, lile linalosemwa kwa sauti ya chini: hayo ni ya Paris na San Francisco, huku nani atanishtaki? Huenda hakuna. Lakini tangazo lililo juu ya faili lina kazi nyingine mbali na mahakama: linasema msimbo umetoka wapi. Desemba 2021 ilipogundulika kasoro ya Log4j, maktaba ya Java iliyomo katika mifumo isiyohesabika, swali la kwanza la kila taasisi lilikuwa kama maktaba hiyo imo katika mifumo yake. Wenye kumbukumbu ya asili ya misimbo yao waliweza kujibu. Wizara za afya za Kenya na Tanzania zinatumia DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyo chini ya leseni ya BSD. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyokulia katika kliniki za UKIMWI za magharibi mwa Kenya, iko chini ya leseni ya Mozilla. Mzabuni anayechukua misimbo ya namna hiyo, akafuta majina na kuiuza kama uvumbuzi wake, anamuuzia mnunuzi mfumo ambao hakuna atakayejua ni lini unahitaji kuzibwa tundu, kwa sababu taarifa za tundu hilo zinatolewa kwa jina ambalo yeye amelifuta.

Kisha mgeuze msanidi wetu awe mwandishi. Tuseme anaandika Kisumu au Arusha maktaba nzuri ya programu, anaitoa kwa GPL, na kampuni kubwa ya ng'ambo inaiingiza katika bidhaa yake. Akiwa ameamini kwamba msimbo wa wazi hauna mwenyewe, hana la kusema. Entr'ouvert, ushirika mdogo wa Ufaransa, haukuamini hivyo. Ulikuwa umetoa maktaba yake ya Lasso kwa GPL, na kampuni kubwa ya simu ya Orange ikaitumia katika mfumo ulioandaliwa kwa serikali bila kutimiza masharti. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Februari 2024 Mahakama ya Rufani ya Paris iliiamuru Orange ilipe zaidi ya yuro 600,000. Leseni ndiyo silaha pekee ambayo ushirika ule ulikuwa nayo. Wanaotuambia tuidharau wanatuomba tuingie sokoni mikono mitupu.

Wala kutii leseni hakumchelewishi mtu. Acha tangazo la mwandishi mahali pake. Andika jina lako chini yake kwa ulichoongeza, na useme ulichobadilisha. Kabla ya kuchanganya msimbo wa miradi miwili, hakikisha masharti yao yanapatana. Ukitaka leseni nyingine, mwandikie mwenye msimbo umuombe. Akikataa, au asipojibu, andika wako. Kimya hakijawahi kuwa saini.

Hayo ni ya msanidi; yaliyobaki ni ya taasisi. Mwanafunzi wa chuo anaweza kunyimwa alama kwa kunakili ukurasa wa kitabu bila kutaja chanzo, huku akipongezwa kwa mradi wa mwisho ambao nusu yake ni mafaili yaliyofutwa majina. Afundishwe kulitaja faili kama anavyofundishwa kukitaja kitabu, na asahihishiwe kwa ukali uleule. Na ofisi ya umma inaponunua mfumo, mkataba udai orodha ya kila msimbo ulioazimwa na leseni yake. Mzabuni asiyeweza kuitoa orodha hiyo hajui anachouza, au anajua na anaficha. Kwa vyovyote vile, asilipwe.